Mgongo Unauma: Umfuate Daktari wa Picha, Daktari wa Hasira, au Wale Waliopima?

Siku hizi Tanga ukimwambia mtu mgongo unakuuma, kabla hujapewa hata pole umeshatumiwa klipu. Hadi jioni zimekuwa tatu, na kila moja ina lake. Ya kwanza ina mfano wa uti wa mgongo wa plastiki, na kidole kinagusa diski nyekundu iliyochomoza: tatizo ni hili, usiiname, usibebe. Ya pili ni ya Mmarekani mwenye jina kubwa, anasimulia alivyoteseka miaka na miaka, akasoma kitabu kimoja, akapona. Kumbe mgongo haukuwa na kitu, ilikuwa hasira. Ya tatu haina mvuto. Ina michoro na namba, na mtafiti anayesema maumivu yako ni ya kweli kabisa, ila ubongo unaweza kuendelea kuyazalisha hata baada ya jeraha kupona.

Wingi wa klipu si tabu. Tabu ni kwamba zinapingana kwenye jambo la kufanya kesho asubuhi. Moja inakwambia lala. Nyingine inakwambia achana na tiba za viungo kabisa, kaa uandike yanayokukera. Ya tatu inakwambia toka utembee. Mwenye mgongo wake atafuata ipi? Mimi si daktari; kazi yangu ni kusoma habari za afya na kuziandika. Nimeziweka hizi tatu sambamba, ila sitazigawia nafasi sawa. Ya katikati ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayokatwakatwa zaidi kabla haijafika kwenye simu yako, kwa hiyo nitakaa nayo.

Wa picha

Hii ndiyo hadithi iliyotulea. Pingili zimepangana, katikati yake kuna diski, diski ikichomoka inabana mshipa wa fahamu, basi unaumwa. Ni hadithi inayoshikika, na ndiyo anayoitumia pia yule muuza dawa mwenye gari la spika: mgongo, kiuno, ganzi, miguu kuwaka moto, chupa moja inamaliza yote.

Kasoro ni kwamba picha inaonyesha mengi kuliko yanayouma. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa utafiti wa watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo. Walipopigwa picha za MRI, asilimia 52 walikutwa na diski iliyotokeza walau sehemu moja. Mwaka 2015 watafiti wengine walikusanya matokeo ya watu 3,110 wasio na maumivu, wakakadiria kwamba uchakavu wa diski huonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani ukiwatoa wazee wote kwenye baraza la kahawa Ngamiani ukawapiga picha, karibu wote watatoka na karatasi yenye maneno ya kutisha, pamoja na yule aliyekuja kwa baiskeli kutoka Pongwe.

Na maneno ya kutisha yana kazi yake mwilini. Mama mmoja fundi cherehani wa Makorora aliwahi kunitolea bahasha yake ya kaki. Akainyanyua ile filamu ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaifuata kwa ukucha hadi chini karibu na kiuno. "Hapa, mwanangu. Hapa ndipo paliposagika. Tangu nionyeshwe hapa, ndoo siinui tena." Nilimuuliza kama kabla ya kuonyeshwa alikuwa akiinua. "Nilikuwa nainua, huku inauma." Ukitazama, mgongo wa juzi na mgongo wa leo ni ule ule. Ila ndoo sasa inabebwa na mjukuu, na bibi anaamka kitandani kwa awamu, mkono kiunoni, akijihami na maumivu ambayo hayajafika.

Hata hivyo picha hatuitupi. Pingili iliyovunjika, usaha wa kifua kikuu, saratani iliyohamia kwenye mfupa, hayo huwezi kuyaona kwa kumuuliza mtu hasira zake. Nitarudi hapo, maana ndipo Tanga inapoachana na New York, anakotoka yule wa hasira.

Wa hasira

Mwenye hadithi hii ni daktari John Sarno, wa Taasisi ya Rusk katika Chuo Kikuu cha New York. Alizaliwa mwaka 1923, akafariki tarehe 22 Juni 2017, siku moja kabla ya kutimiza miaka 94. Kitabu chake kilichovuma, Healing Back Pain, kilitoka mwaka 1991 na kimeuza zaidi ya nakala milioni moja. Hoja yake ni hii: maumivu mengi ya mgongo hayatoki kwenye diski. Ubongo, ili kukuepusha na hasira na huzuni ulizozizika, unapunguza kidogo damu na oksijeni kwenye misuli na mishipa ya fahamu, unaumwa, na akili inahangaika na mgongo badala ya lile linalokusumbua. Tiba ni kulielewa hilo: kusikiliza mihadhara yake, kusoma kila siku, kutafakari yanayokukera, kuacha tiba za viungo, na kurudi kwenye shughuli zako bila woga.

Runinga ndiyo iliyomfanya akawa mkubwa. Mwaka 1999 kipindi cha 20/20 cha ABC kilimtangaza, na mtangazaji wake, John Stossel, mwenyewe alikuwa amewahi kutibiwa naye. Howard Stern wa redioni akamsifu. Mchekeshaji Larry David akamsifu. Mwaka 2012 aliitwa kuzungumza mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikijadili maumivu. Tazama orodha hiyo uone ilivyojipanga: ni watu ambao riziki yao ni kusimulia. Mtu wa namna hiyo akipona, kupona kwake kunakuwa kipindi kizima, chenye mwanzo, machozi na mwisho. Kuli wa bandarini aliyekisoma kitabu kile kile akabaki na mgongo wake hana pa kusimulia, na hata akipewa kipaza sauti hana cha kusema kinachomfanya mtu asogeze kiti karibu. Kwa hiyo unachokiona ni safu ya waliopona tu. Wangapi walijaribu, hilo halimo kwenye kipindi.

Lililokatwa la kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba Sarno alikuwa daktari kweli. Alimpima mgonjwa kwa mikono yake, akahakikisha kwanza kwamba hakuna uvimbe, hakuna mfupa uliovunjika, hakuna ugonjwa mwingine. Ndipo akataja hasira. Katika klipu ya dakika moja sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kutupwa, kwa sababu inapunguza utamu.

Halafu alikuwa akizungumza na wagonjwa kwa simu kabla ya kuwapokea, na wasio tayari kuikubali hoja yake hakuwachukua. Hakukuwa na uovu hapo; aliamini kwamba asiyekubali hawezi kupona kwa njia hiyo. Lakini ukishachuja hivyo mlangoni, hesabu ya waliopona ndani haikwambii lolote juu ya waliobaki nje. Alikuwa akiwapigia wagonjwa wake baadaye kuwauliza hali, lakini jaribio la kuwagawa watu kwa kura, hawa wapate hasira na hawa wapate kingine, hakulifanya. Na ile habari ya oksijeni ilibaki kuwa nadharia yake.

Nikiri kwamba hadithi hii ina nguvu yake, na sisi watu wa Pwani si wa kuishangaa. Mtu kuumwa kiuno mwezi aliofiwa si habari ngeni hapa. Atasomewa, atachuliwa, majirani watajaa uani, na siku zikienda kiuno nacho kinalegea. Sarno aliwaondolea watu hofu. Aliwaambia mgongo wako ni mzima, inama. Kwa mtu aliyekaa miaka akitembea kama amebeba mayai, kuambiwa hivyo na profesa mwenye koti jeupe ni tiba kubwa.

Ninachokichukia ni mkia wake. Ukipona, hoja ni ya kweli. Usipopona, hujaizamia hasira yako vya kutosha, rudi ukachimbe. Hadithi ya namna hiyo haishindwi kamwe, na anayebeba lawama ni mgonjwa. Ikishuka mtaani inazidi kuharibika: mume anaitazama klipu, anamgeukia mkewe, "Umeona? Ni mawazo yako tu." Sarno hakusema hivyo. Alishikilia kwamba maumivu ni ya kweli na yako mwilini.

Waliopima

Hawa walichukua kiini cha Sarno, wakaacha mengi, wakaenda kupima. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Boulder, Colorado, ukachapishwa na jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2021. Watu 151 waligawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi moja lilipata tiba inayojulikana kwa kifupi kama PRT (Pain Reprocessing Therapy, yaani kuufundisha ubongo upya namna ya kuyasoma maumivu): mazungumzo na daktari kwa njia ya video, kisha vikao 8 na mtaalamu ndani ya wiki nne. La pili lilichomwa sindano ya maji ya chumvi mgongoni, nao wakijua ni maji ya chumvi. La tatu liliendelea na matibabu yao ya kawaida. Mwisho wa tiba, waliobaki bila maumivu au karibu bila maumivu walikuwa asilimia 66 kwenye kundi la kwanza, 20 la pili na 10 la tatu. Mwaka mmoja baadaye wengi wa lile kundi la kwanza walikuwa bado wazima.

Ndani ya kikao hakuna cha ajabu. Unaketi vile vile mgongo unavyokataa, na badala ya kukunja uso unaambiwa uyaangalie maumivu kama mtu anayetazama maji yanavyopwa: yako wapi, ni joto au ni kubanwa, yanapanuka au yanahama? Mtaalamu anakukumbusha kwamba hayo ni hisia tu, hakuna kinachovunjika. Siku nyingine mnajaribu kuinama. Hakuna anayekulazimisha ukumbuke ugomvi na baba yako, ingawa hisia na misukosuko ya maisha vinazungumzwa. Anayewindwa hapa ni hofu.

Vyombo vya habari vikachukua ile theluthi mbili vikakimbia nayo, vikaacha kusema ilikotoka theluthi mbili hiyo. Walioshiriki walikuwa na maumivu ya wastani, karibu 4 kati ya 10, waliyoishi nayo takriban miaka kumi. Walikuwa watu wenye elimu na wanaojimudu kwa shughuli. Wenye maumivu makali zaidi mguuni kuliko mgongoni hawakuingizwa. Mmoja wa waliotoa tiba, Alan Gordon, ndiye aliyeibuni. Na aliyechomwa sindano huku akijua ni maji ya chumvi hangeweza kuwa na matumaini sawa na yule aliyeketi na mtaalamu mara nane. Ni utafiti mzuri. Lakini ni mmoja, wa mji mmoja, kwa watu wa aina moja.

Kwa hiyo mimi huusoma pamoja na mwingine usiopendwa na klipu. Jarida la Lancet mwaka 2023 lilichapa jaribio la Australia la watu 492 katika kliniki 20 za fiziotherapia. Humo hakuna anayekuchagulia kati ya akili na mwili. Mtaalamu wa viungo anasikiliza kisa chako, anakutazama unavyoinama, anakufundisha kuinama bila kujikaza, anaulizia usingizi na kazi na woga, vyote ndani ya vikao visivyozidi saba pamoja na kimoja cha kukumbushia. Waliopata tiba hiyo walirudi kwenye shughuli zao zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, na baada ya mwaka tofauti bado ilikuwepo. Nchi hiyo hiyo, mwaka 2024, ikatoa jaribio la watu 701 waliokuwa wamepona mgongo karibuni: waliofundishwa kutembea kwa mpango wakiongozwa na mtaalamu wa viungo walikaa siku 208 kabla mgongo haujawarudia, ukichukua mtu wa katikati, na wasiofundishwa siku 112. Kutembea! Hakuna mtu maarufu atakayelia kwenye runinga kwa ajili ya kutembea.

Tanga si New York

Sasa nije kwenye linaloamua. Aliyefika kwa Sarno alikuwa ameshapita kwa madaktari wengi, ana rundo la picha, amechomwa sindano, pengine ameshapasuliwa. Hatari yake ilikuwa kupimwa kupita kiasi. Kumwambia mtu huyo "mgongo wako hauna kitu" ni kumfungua.

Mtu wa Mikanjuni au wa kambi ya mkonge huko nje ya mji, mara nyingi, yuko upande wa pili kabisa. Amenunua diklofenaki duka la dawa, amechuliwa, amefunga mkanda, na tangu mgongo uanze hakuna aliyemgusa uti wa mgongo kwa nia ya kutafuta ugonjwa. Ukimpa klipu ile ile, maneno yale yale, unamfungia mlango ambao hajaupita.

Na nyuma ya mlango huo kuna mambo. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Mwaka 1779 daktari Percivall Pott wa London alishakieleza kilivyo mgongoni, na katika mifupa yote uti wa mgongo ndio kinaoupenda. Huja polepole, wiki hata miezi, na kikohozi kinaweza kisiwepo. Mtu anakonda, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, baadaye kibiongo kinatokeza na miguu inapoteza nguvu. Wakati wote huo anaweza kuwa anaandika hasira zake kwenye daftari. Dawa za kifua kikuu kwenye vituo vya serikali Tanzania ni bure, na mgongo ukiwahiwa unaokolewa.

Basi uchague vipi

Ukiwa na ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, au miguu inalegea ghafla, achana na zote tatu. Hiyo ni hospitali ya Bombo leo hii, hata kama ni usiku.

Ukiwa na homa, unakonda bila sababu, maumivu yanakuamsha usiku na hayatulii hata ukilala, umewahi kuugua saratani, au umeanguka mnazini, anza na wa picha. Usimruhusu mtu akuzungumzie mawazo kabla hujapimwa.

Ukiwa mzima kwa mengine, umeinua gunia Jumatatu na leo Ijumaa hujiwezi, huhitaji picha wala Sarno. Mgongo wa namna hii mara nyingi hutulia wenyewe ndani ya wiki chache. Tembea kadiri unavyoweza, endelea na kazi nyepesi, usijilaze. Kuchuliwa ukipenda chuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, ulioandikwa kwa ajili ya maumivu sugu, unataja kuchua miongoni mwa tiba zinazoweza kusaidia. Mwongozo huo huo unakataza kumpa mgonjwa mkanda wa mgongo kama jambo la kawaida, kwa hiyo hela ya mkanda nunua samaki. Vidonge vya maumivu visigeuke kitafunwa. Vinachokonoa tumbo na figo.

Maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti ni mambo mengine. Hapo hadithi ya diski huwa na ukweli zaidi, na jaribio la Boulder halikuwahusu watu hao. Wengi hupata nafuu bila kisu, lakini ukiona kandambili inakuchomoka mguuni bila habari, unyayo umeshaanza kuzidiwa nguvu. Mwone daktari upesi.

Wanaobaki ndio wengi: mgongo wa miezi au miaka, umeshapimwa, hakuna ugonjwa, picha inasema uchakavu, na siku mbaya zinaangukia siku za ada na za ugomvi. Ukiwa wa kundi hili, nakushauri uwafuate waliopima. Anza kwa mtaalamu wa viungo hospitalini, mwambie wazi kwamba unaogopa kuinama, na mpange pamoja namna ya kurudi: ndoo robo wiki hii, nusu wiki ijayo, matembezi ya asubuhi kuelekea Raskazone kabla jua halijawa kali. Siku utakayoumwa zaidi punguza, usiache. Vikao vya PRT vya mtaalamu aliyefunzwa sijavisikia hapa mjini, lakini ule mtindo wa kuyatazama maumivu bila kuyakimbia unaweza kuujaribu ukiwa umeketi nyumbani kwako.

Na kitabu cha Sarno? Kisome, baada ya kupimwa. Chukua sehemu ya hofu, ruka sehemu ya oksijeni, na ile amri ya kuacha tiba za viungo usiitii. Kuna watu kimewafaa sana. Ukikimaliza, zikapita wiki kadhaa na mgongo uko vile vile, usianze kufukua magomvi ya utotoni. Rudi kwa mtaalamu wako wa viungo mwendelee mlipoishia.